Kwenye notisi ya trafiki njia ya kulipa ipo, njia ya kukataa iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Pole na majukumu. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, huwa nasoma gazeti nikishamaliza kushusha mzigo sokoni, na leo naomba na mimi nafasi niseme jambo ambalo sisi tunaoendesha hii barabara ya Moshi Arusha tunaliongea kila siku, kwa mafundi, kwenye foleni za sheli, hata kanisani baada ya ibada, ila sijawahi kuona limejibiwa mahali. Ni habari ya faini za trafiki. Siji hapa kuwasema matrafiki wote, hapana, wapo nawaheshimu sana na mmoja wao nitamuelezea huko mbele. Nakuja na swali moja tu: mtu akiandikiwa kosa ambalo hakulifanya, anakataaje? Kulipa tunajua wote, unapewa kontrol namba, unaingia kwenye simu, dakika mbili umemaliza. Ila kukataa, kila unayemuuliza ana jibu lake.

Nijitambulishe kidogo. Nauza ndizi. Nakaa Moshi, nina kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, naiendesha mwenyewe mwaka wa sita huu, mara tatu kwa wiki napakia mshare na kisukari za watu wa Kibosho na Machame, saa kumi na moja alfajiri nishatoka, Weruweru, Kwa Sadala, Boma, njia panda ya KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa, Tengeru, alafu ile njia nne mpaka mjini, nashusha Kilombero. Ni kama kilomita 80 kwenda na 80 kurudi. Kwa hiyo vibao vya 50 vya njia hii navijua kuliko navyojua namba za simu za wanangu, najua kila kimoja kinaanzia wapi na kile cha kufuta kiko wapi.

Sasa siku moja nimeshaipita sehemu yenye nyumba, niko kwenye tambarare, kibao cha kufuta 50 nimekiacha nyuma, nikasimamishwa. Nikatoa leseni, nikasalimia. Afande kijana tu, hana ukali wala nini, akaniambia mama umepigwa tochi, una 84. Nikamwambia mwanangu hapa si 50. Akasema sijasema 50, gari ya mizigo mwisho 80, wewe una mizigo. Nikaangalia nyuma, kweli nina mizigo, ndizi zimejaa mpaka juu. Nikaona basi, sheria ndo hiyo, kila mtu nishamsikia akisema gari la mizigo ni 80. Nikaandikiwa 30,000 na nililipa palepale nikiwa nimekaa kwenye usukani maana nilikua nawahi soko, sikutaka deni likae likaanza kuongezeka.

Jioni mtoto wa dada yangu anasoma sheria akaja nyumbani kula, nikamsimulia. Akacheka kwanza alafu akaniuliza, mama mdogo kirikuu yako ina uzito gani? Nikamwambia sijui, si gari. Akafungua simu akanisomea Sheria ya Usalama Barabarani, ile Sura ya 168, sheria yenyewe ni ya mwaka 1973 na imekua ikirekebishwa, kifungu cha 51 kinachoongelea mwendo. Kwenye maeneo ya makazi mwisho 50, hapo hamna ubishi. Ile 80 imewekwa kwa magari ya biashara na ya abiria ambayo uzito wake unazidi kilo 3,500. Unazidi kilo 3,500! Tukachukua kadi ya gari tukasoma uzito ulioandikwa, yani kirikuu ukiijaza ndizi, ukanipakia na mimi na jirani yangu na mkungu mapajani, haifiki hata tani moja na nusu. Ile 80 wanaiongelea fuso na koasta na mabasi. Kumbe nimelipa kosa ambalo kwa gari yangu halipo.

Nikamuuliza sasa hiyo hela naipataje. Akanyamaza kidogo alafu akaniambia mama mdogo ulivyolipa ndo ulikiri.

Hapo ndo nilipoumia, Mhariri, na ndo ninapotaka wasomaji wako wapaelewe vizuri kwa sababu nimekuja kugundua wengi hatujui. Ile karatasi anayotoa trafiki kwenye kimashine, ile ndefu kama risiti ya dukani, sio hukumu. Ni tuhuma. Askari anasema amekuona umefanya kosa fulani. Sheria kwenye kifungu cha 95 imeweka utaratibu wa kurahisisha, ukikubali kosa unalipa faini yaishe bila kusumbuana mahakamani, na usipokubali una haki jambo lipelekwe mahakamani na hapo wao ndo wathibitishe, sio wewe uthibitishe kwamba hukufanya. Askari aje aseme alikua wapi, kifaa kilisoma nini, kibao kiko wapi. Na hili halipo kwenye sheria ya barabarani peke yake, liko kwenye Katiba, ibara ya 13, pale panaposema mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, na panaposema mtu ana haki ya kusikilizwa. Kumbe hata mama wa ndizi ana haki ya kusikilizwa juu ya 30,000. Mi nilikua najua Katiba ni ya mambo makubwa makubwa ya uchaguzi.

Sasa mtu atasema basi si ungekataa palepale. Ndugu yangu, wewe umewahi kukataa ukiwa umepakia ndizi? Mi mzigo wangu una watu wanausubiri Kilombero, mama lishe ameweka sufuria jikoni, nikichelewa saa mbili anachukua kwa mwingine na kesho hanirudii. Kwenda mahakamani ni siku nzima na pengine siku tatu nne kwa kuahirishwa. Nikipiga hesabu siku moja ya kukosa soko inanigharimu zaidi ya hiyo 30,000, kwa hiyo nalipa. Kila mtu analipa. Dereva wa kifodi analipa kwa sababu abiria wanapiga kelele twende twende, dereva wa koasta analipa kwa sababu ana muda wa kuingia stendi, wa lori analipa kwa sababu bosi anapiga simu. Sio kwamba wote tumekosa, ni kwamba hatuna muda wa kusema hatujakosa.

Vijana wa toyo ndo kabisa. Wao faini yao ilishushwa kwenye bajeti ya 2021/22, pikipiki na bajaji zikatolewa kwenye 30,000 zikawekwa 10,000 kwa kosa moja, ila nimekaa kijiweni Majengo nikauliza vijana sita, wawili tu ndo wanajua. Wengine wanalipa chochote wanachoambiwa. Kijana mmoja akaniambia mama mi sisomi ile karatasi naogopa hata kuiangalia. Nikamwambia mwanangu isome! Soma kosa lililoandikwa, soma tarehe na saa, soma mahali, soma namba ya chombo na namba ya leseni, soma na kiasi, kama kuna kitu kimekosewa mwambie afande palepale kwa adabu kabla hamjaachana maana mkishaachana kurekebisha ni safari nyingine. Na uangalie makosa ni mangapi, faini inahesabiwa kwa kosa, ukiandikiwa mawili ni mara mbili, kuna watu wanashtuka nyumbani kuona 60,000 wakati walielezwa taa tu.

Nirudi kwangu. Kisa cha pili ndo kilichonifanya nichukue kalamu.

Miezi kadhaa baada ya ile 84 nikasimamishwa kwenye ukaguzi wa kawaida, afande akaingiza namba za gari kwenye kimashine akaniambia mama una deni. Deni gani, mi nimelipa yote. Akanionyesha, kosa la kuovateki sehemu isiyoruhusiwa, siku ya Jumanne mchana, upande wa huku huku Kilimanjaro. Nikasoma tarehe mara mbili. Jumanne hiyo kirikuu yangu ilikua juu ya mawe kwa fundi, injini iko chini, na nilikua nimemtumia fundi hela ya vifaa kwa simu asubuhi yake na meseji ninayo mpaka leo. Gari isiyo na injini imeovateki nani?

Afande akaniambia mi sijaandika hii, nenda ulikoandikiwa. Sawa. Nilishajifunza, nikasema hii silipi hata iweje. Nikaenda mwenyewe kwenye mfumo wa polisi, ule wa TMS, unaingiza namba ya gari au ya leseni unaona madeni yako yote, ni bure na nawashauri wote muwe mnaangalia hata mara moja kwa mwezi msisubiri kukamatwa njiani, nikapiga picha ule ukurasa. Nikamwomba fundi aniandikie karatasi gari iliingia lini ikatoka lini, nikaweka na ile meseji ya malipo, vyote kwenye bahasha moja na kadi ya gari na leseni.

Safari ya kwanza kwenye ofisi husika nikaambiwa aliyeandika hayupo zamu. Safari ya pili nikaambiwa, na hili naliandika kama nilivyoambiwa, mama lipa kwanza alafu ndo ulalamike, deni linaongezeka hilo. Nikamwambia mdogo wangu nikilipa nimekiri. Akaniangalia kama vile nimetukana. Akaniambia wewe mama mbishi, watu wote wanalipa. Nikarudi nyumbani nimechoka na kwa kweli nilitaka kulipa, mume wangu naye akasema achana nayo mama, elfu thelathini hiyo, unatafuta nini. Ila usiku sikulala vizuri. Nikawaza hivi ni wangapi wameambiwa hivi hivi wakalipa?

Safari ya tatu ndo nikakutana na yule afande ninayemsema, mtu mzima, ana mvi, sitamtaja jina ila Mungu ambariki. Alinikaribisha nikae. Akasoma karatasi moja moja. Akauliza kosa hili lina picha? Wakatafuta, picha ikapatikana kwenye simu, maana gari ilipigwa picha ikiwa inapita haikusimama. Akaikuza ile picha akaniita mama njoo uangalie. Ilikua kirikuu kweli, nyeupe kama yangu, ila herufi ya mwisho ya namba ilikua B na yangu ni D. Basi! Vumbi limeingia kwenye kibao, aliyesoma kwa mbali akaona D. Hakuna aliyenionea kwa makusudi, ni herufi tu. Akaniambia pole sana mama, na akaandika mbele yangu kwamba lifutwe. Likachukua siku tisa mpaka likatoka kwenye mfumo, nilikua naangalia kila asubuhi kabla sijatoka, maana katikati hapo ningeweza kusimamishwa tena na kuanza kuelezea upya.

Hesabu yake hii hapa: safari tatu za kwenda na kurudi, masoko mawili niliyokosa, mikungu kumi na mbili ya kisukari iliyoiva nyumbani nikagawia majirani, na karatasi nilizotoa kopi. Nimeokoa 30,000 kwa gharama ya zaidi ya laki moja. Na mi nina kichwa kigumu, nina mtoto wa dada anayesoma sheria, nina fundi muaminifu anayeandika kwenye daftari. Mama mwenzangu asiyekua na hivyo anafanyaje? Analipa kosa la kirikuu ya mtu mwingine, na yule mwenye B anaendelea kuovateki kwenye kona na hajui hata kama aliandikiwa.

Hilo la mwisho linaniuma kuliko hela. Nisieleweke vibaya, mi napenda sheria za barabarani. Watu wa huku hatuhitaji kuelezwa. Mei 2017 kule Karatu tulipoteza watoto 32 wa shule kwenye ajali moja, na walimu wao wawili na dereva, nakumbuka jiji lote la Arusha lilivyokua siku ya kuaga, wanaume wazima wanalia barabarani. Februari 2024 pale Ngaramtoni lori likagonga magari mengine watu 25 wakafa. Mi napita kwenye hizi barabara na usingizi na ndizi na malori, naogopa kila siku. Na nilishawahi kuandikiwa kwa haki kabisa, nilipita kwenye zebra karibu na shule watoto wamesimama pembeni wanasubiri kuvuka, sikuwaona, niliwaona kwenye kioo nikiwa nimeshapita. Afande akanisimamisha mbele hakuniambia hata neno moja, alininyooshea kidole nyuma nikaangalia wale watoto. Nililipa siku hiyo hiyo, na mpaka leo nikifika pale mguu unahama wenyewe. Faini ile ilinifundisha. Ile ya 84 ilinifundisha nini? Ilinifundisha tu kwamba trafiki akikusimamisha umeshakosa, uongee usiongee.

Na hapo ndo mlango wa yale mambo mengine unapofunguka. Maana dereva akishaona kukataa kosa hakuwezekani, na kulipa 30,000 hataki, anabaki na njia ya tatu, anakunja buku tano kwenye leseni. Sitaki kujifanya sijui. Tunaona, tunaokaa barabarani tunaona. Na kwa dereva inaonekana ni nafuu, ila haina risiti, hujalindwa na chochote, kesho unasimamishwa palepale. Faini halali ina kontrol namba na hela inaingia serikalini kwa simu au benki, haipiti kwenye mkono wa mtu. Anayekuomba mkononi namba ya TAKUKURU ni 113, haikati salio. Ila naomba na sisi tuache kutoa kabla hatujaombwa, wengi wetu ndo tunaoanza, tunamwambia afande tuyamalize.

Kitu ninachokiomba ni kidogo sana wala hakihitaji sheria mpya. Kwenye ile karatasi, palepale pameandikwa namna ya kulipa, paongezwe mistari miwili mitatu kwa Kiswahili cha kawaida inayosema: kama hukubali kosa hili usilipe, fika ofisi fulani, siku fulani na fulani, na vitu hivi. Karatasi nilizopewa mimi nimezisoma mbele na nyuma, ya kulipa nimeiona, ya kukataa sijaiona. Na kosa lililoandikwa kwa picha, mtuhumiwa aione picha bila kuhangaika, kama ipo kwenye simu ya askari inashindikana vipi mi nikionyeshwa dirishani? Ile B na D ingeonekana siku ya kwanza kwa dakika moja, na wao pia wangeokoa muda wao, siku ile ya tatu nilikua nimekaa na maafande wawili kwa karibu saa nzima kwa ajili ya herufi.

Alafu ukishakataa, upewe kitu cha maandishi. Hata kikaratasi chenye mhuri kinachosema deni hili linapingwa, linaangaliwa, ili ukisimamishwa Boma au Kikatiti una cha kuonyesha, na deni lisiendelee kupanda wakati wenyewe ndo hawajakujibu. Mi zile siku tisa nilikua natembea na roho juu. Nikimuona tu mtu wa nguo nyeupe naanza kutafuta bahasha yangu.

Na siku za kusikiliza ziwekwe kwa mtu anayefanya kazi. Sisi wa sokoni mchana kuanzia saa nane tuko huru, vifodi vina muda vinalala, lori zina siku ya matengenezo. Kukiwa na mchana mmoja kwa wiki unaojulikana, dirisha moja, afande mmoja mwenye mamlaka ya kufuta au kukwambia hapana mama hili ni lako nenda mahakamani au ulipe, mi nadhani foleni haitakua kubwa kama wanavyoogopa. Watu waliokosa kweli wanajijua. Hawaji.

Niongeze moja kwa wanaonunua magari ya mkononi, hili nimeliona kwa shemeji yangu. Alikua ananunua Noah Arusha, bei wamekubaliana, imebaki kumalizia hela, nikamwambia shemeji ngoja, ingiza namba kwenye TMS kwanza. Likatoka mkeka, makosa saba, na hayo yalikua yameshapanda kwa kuchelewa, zaidi ya laki mbili. Muuzaji akasema hayo ni ya dei waka wangu sio yangu. Inawezekana ni kweli kabisa, ila gari ukishainunua utasimamishwa wewe sio dei waka. Shemeji alikataa kutoa hela mpaka muuzaji alipe na mfumo usome sifuri, wakakaa siku mbili hawaongei, wa tatu akalipa. Na wenye magari yenye madereva wa siku nao wawe wanaangalia kila wiki wakiwa na dereva mwenyewe, akumbuke siku ile ilikuaje, sio baada ya miezi mitano unamkata kijana kwenye hesabu yake kosa ambalo hata yeye halikumbuki na hajawahi kupewa nafasi ya kulikataa.

Kuna mwenzangu ananiambia unajisumbua, gazeti halisomwi na hao wakubwa. Mi naamini linasomwa. Yule afande mwenye mvi gazeti lilikua mezani kwake nililiona. Kwa hiyo naomba kupitia kwako Mhariri nijibiwe hapahapa na wanaohusika na usalama barabarani kwa mikoa yetu miwili, Kilimanjaro na Arusha, maana barabara ni moja, unaandikiwa huku unasimamishwa kule. Swali langu ni hili: mtu akiandikiwa leo Jumatatu na hakubali, aende mlango gani, siku gani, saa ngapi, abebe nini, na atajibiwa kwa maandishi ndani ya siku ngapi? Mkijibu hilo nitalikata hilo gazeti nilibandike kwenye nguzo pale tunaposhushia ndizi, na jingine nitampa fundi abandike gereji.

Ni mimi,
Mama wa ndizi, Moshi